Mirage na Falcon, nyumba moja: hatua ndogo ndogo za Dassault

Kazi yangu ni matengenezo ya ndege, na jeti ndogo nilizozifungua ni za viwanda vingi. Nikipewa nafasi ya kuchagua, nachagua Falcon. Si kwamba ni nyepesi kuzishughulikia. Kuna sehemu huzifikii mpaka ujikunje na kuomba dua. Nazipenda kwa sababu ukiondoa vifuniko unaona kazi ya watu waliozoea kuhesabu kila gramu, na tabia hiyo wameitoa kwenye ndege za vita.

Dassault Aviation ni kampuni ya Kifaransa inayotengeneza Rafale, ndege ya kivita inayoweza kubeba kombora la nyuklia, na pia Falcon, ndege inayombeba tajiri na wageni wake. Zote mbili huunganishwa Mérignac, pembeni ya Bordeaux. Wengi huona hizo ni biashara mbili zilizokutana chini ya jina moja. Mimi naona ni biashara moja, na siri yake ni kubadili jambo moja kwa wakati mmoja. Mara walipojaribu kuruka hatua, waliumia.

Mwanzilishi alizaliwa Paris mwaka 1892, jina lake Marcel Bloch. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta mhandisi kijana, na mwaka 1916 akabuni pangaboi la mbao lililoitwa Éclair. Waliolichonga walikuwa mafundi samani wa Faubourg Saint-Antoine, mtaa wa maseremala wa Paris, na baadaye akaoa binti wa fundi samani. Pangaboi hilo lilifungwa kwenye ndege za SPAD, ikiwemo ya rubani shujaa Georges Guynemer. Vita vilipokwisha serikali ikafuta oda za ndege, Bloch akaingia kwenye samani na ujenzi wa nyumba. Alirudi kwenye ndege baada ya Ufaransa kuunda Wizara ya Anga mwaka 1928, akatengeneza ndege za kubeba wagonjwa, kisha za kudondosha mabomu. Mwaka 1936 serikali ikataifisha viwanda vya silaha, vyake vikiwemo.

Alikuwa Myahudi. Ufaransa iliposhindwa mwaka 1940, serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, ilimkamata. Wajerumani walitaka awafanyie kazi, akakataa, na mwaka 1944 akapelekwa kambi ya Buchenwald. Huko alilindwa na Marcel Paul, kiongozi wa siri wa wafungwa wa Kikomunisti. Bepari na Mkomunisti wakatoka hai Aprili 1945, mmoja akawa waziri, mwingine akarudi kwenye meza yake ya michoro akiwa mgonjwa hajiwezi. Ndugu yake, jenerali Paul, alikuwa ametumia jina la siri katika harakati za kupinga Wajerumani, lililotokana na neno la Kifaransa la kifaru cha vita. Marcel akalichukua likawa la familia: Dassault.

Hapa ndipo utaratibu ninaousema unapoanza kuonekana. Ndege yake ya kwanza ya kivita ya jeti, Ouragan, iliruka tarehe 28 Februari 1949. Haikuwa na ujanja wowote: mabawa yamenyooka, injini ni Nene ya Rolls-Royce iliyotengenezwa Ufaransa kwa leseni. India ilizinunua na kuziita Toofani. Wakati huo Wamarekani na Warusi walikuwa tayari na mabawa yaliyolala nyuma, yanayochelewesha matatizo ya hewa karibu na kasi ya sauti. Dassault hakuchora ndege mpya. Alichukua bodi ya Ouragan, akaifungia mabawa yaliyolala, akaiita Mystère. Ilipokubali, akaja Mystère IV yenye bawa jembamba zaidi. Marekani ikalipia 225 kwa ajili ya jeshi la Ufaransa lenyewe. Kisha Super Mystère, iliyozidi kasi ya sauti ikiwa inaruka mlalo. Kila ndege ni mtoto wa ile iliyotangulia. Likiharibika jambo, mhandisi anajua pa kutazama, maana kilichobadilika ni kimoja tu.

Ndege ya kivita Mirage III ndiyo iliyoitangaza nyumba hii duniani. Tarehe 24 Oktoba 1958 rubani wa majaribio Roland Glavany aliifikisha Mach 2, mara mbili ya kasi ya sauti, kitu ambacho ndege ya Ulaya ya Magharibi ilikuwa haijakifanya katika kuruka mlalo. Bawa lake ni la pembetatu. Bawa la namna hiyo linaweza kuwa jembamba sana na bado likawa imara, kwa sababu shina lake ni refu linaposhikana na bodi, na ndani yake kuna nafasi nzuri ya mafuta. Lakini lina gharama zake. Ndege haina mkia wa mlalo, kwa hiyo ili kuinua pua inabidi vipande vya nyuma ya bawa vinyanyuke juu, na vikinyanyuka vinalisukuma bawa chini wakati unataka likubebe. Matokeo yake ni kutua kwa kasi kubwa, na kupoteza mwendo haraka rubani anapokata kona kali.

Israeli ilizitumia Mirage III katika vita vya Juni 1967, na picha zake zikawa tangazo ambalo hakuna kampuni ingeweza kulilipia. Lakini kabla ya hapo ilikuwa imeagiza 50 za aina rahisi zaidi, Mirage 5, na Rais de Gaulle akazizuia. Israeli ilikuwa imezilipia na haikuzipata kamwe. Aina hiyo, isiyo na mitambo mingi ya kielektroniki, iliuzwa nchi nyingi, pamoja na Zaire ya Mobutu. Familia ya Mirage III na 5 ilizidi ndege 1,400.

Bawa la pembetatu waliliacha kwa muda kwenye Mirage F1, wakalirudia mwaka 1978 kwenye Mirage 2000. Kilichokuwa kimebadilika ni kompyuta. Amri za rubani sasa zilipita kwenye nyaya za umeme, na kompyuta ikawa inarekebisha vipande vya bawa bila kuchoka. Hapo mhandisi anaweza kusogeza uzito nyuma kwa makusudi, ndege isiyumbe kwa sababu tu kompyuta haijalala. Na uzito ukiwa nyuma, vile vipande havilazimiki kunyanyuka sana. Vinasaidia kubeba badala ya kukandamiza. Udhaifu wa Mirage III ukatibiwa bila kubadili umbo la ndege.

Turudi nyuma kidogo, kwenye Falcon. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ilitaka kutumia ujuzi wa Mystère kwenye soko la kiraia. Ndege ya mfano, Mystère 20, iliruka Mérignac tarehe 4 Mei 1963. Siku hiyohiyo Charles Lindbergh, aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927, alikuwepo kama mshauri wa shirika la Pan American. Aliitazama, akawaarifu wakubwa wake kwamba ndege yao wameipata. Pan American wakaagiza 40 na kutaka injini ibadilishwe, ifungwe CF700 ya General Electric. Hiyo ni injini ya ajabu: feni yake iko nyuma, imeshikana na tabo ya mwisho (gurudumu linalozungushwa na hewa moto ya injini), si mbele kama tulivyozoea leo. Marekani ndege ikaitwa Falcon.

Miaka kumi baadaye Frederick Smith alitafuta ndege ya kusafirisha vifurushi usiku. Sheria ya Marekani ilimruhusu mtu asiye na leseni ya shirika kubwa kubeba mzigo usiozidi ratili 7,500, yaani takriban kilo 3,400. Falcon 20 iliingia humo barabara, ikatobolewa mlango mkubwa wa mizigo. Aprili 1973, Federal Express ilianza Memphis ikiwa na ndege 14 za Falcon. Usiku wa kwanza zilibeba vifurushi 186.

Falcon 50 ikafuata mwaka 1976, na utaratibu ni uleule: upana wa bodi ni wa Falcon 20, bawa ni jipya, na injini ni tatu badala ya mbili. Watu huniuliza za nini tatu, kila injini si matengenezo na mafuta? Ukivuka bahari na moja ikizima, ndege ya injini mbili imepoteza nusu ya nguvu, hii imepoteza theluthi. Pia inaondoka kwenye uwanja mfupi ikiwa imejaa. Fundi anayepanda juu kuifikia ile ya katikati ana maneno yake, sitayaandika hapa.

Sisi wa ukanda huu tunaijua Falcon 50 kwa msiba. Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya aina hiyo iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilitunguliwa kwa makombora ikijiandaa kutua Kigali. Ndani walikuwemo Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda, Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi na wahudumu watatu Wafaransa. Wote 12 walikufa, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Ufundi wa ndege hauna la kueleza hapo. Ndege haikuwa na kosa.

Sasa ile hatua waliyoiruka. Mwaka 1971 Dassault walirusha Mercure, ndege ya abiria takriban 150, ya kushindana na Boeing 737. Hawakuwahi kutengeneza ndege ya ukubwa huo, na waliichora kwa safari fupi kupita kiasi: mafuta yake yaliwafaa Wafaransa wanaosafiri ndani ya nchi yao, wengine hayakuwafaa. Dola ikashuka thamani, bei ya mafuta ikapanda mwaka 1973. Mteja akawa mmoja tu, Air Inter, aliyeagiza kumi. Zilifanya kazi vizuri mpaka 1995, lakini kibiashara lilikuwa shimo. Viwanda vilivyojengwa kwa ajili yake, kama vile Martignas na Seclin, vilibaki na kupewa kazi nyingine. Kampuni haikugusa tena ndege za abiria za mashirika.

Badala yake walirudi kukopeshana wenyewe kwa wenyewe. Programu yao ya kuchora kwa kompyuta, CATIA, ilizaliwa ndani ya kampuni miaka ya 1970 na leo inachorea magari na meli. Nyaya na kompyuta za Mirage na Rafale zilihamia kwenye Falcon 7X, iliyoruka Mei 2005, jeti ndogo ya kwanza ya wafanyabiashara isiyo na kamba za chuma kati ya mkono wa rubani na mabawa.

Mei 2011, 7X moja ilikuwa inashuka kuelekea Subang, Malaysia, ghafla mkia wa mlalo ukaanza kujizungusha wenyewe na pua ikapanda zaidi ya nyuzi 40. Kusukuma usukani mbele hakukusaidia. Rubani aliyekuwa akiiendesha alikuwa amerusha ndege za kivita, akafanya ambacho hufundishwi kwenye ndege za abiria: aliilaza ndege ubavu, ili nguvu inayoinua pua iigeuze pembeni badala ya kuipandisha mpaka iishiwe mwendo. Mambo yakatulia baada ya dakika mbili na nusu hivi, hakuna aliyekufa. 7X zote duniani zikasimamishwa. Chanzo kilipatikana kwenye kisanduku kinachoendesha mkia: mguu mmoja wa kifaa ulikuwa umelehemiwa vibaya. Wanaosema kompyuta ikizidi ndege haiaminiki huutumia mfano huu. Mimi nauona tofauti kidogo, kwamba lehemu bado inahitaji jicho la mtu.

Marcel alifariki tarehe 17 Aprili 1986. Rafale ya majaribio iliruka Julai 4 mwaka huohuo, baada ya Ufaransa kujitoa mwaka 1985 kwenye mradi wa pamoja wa Ulaya uliozaa Eurofighter. Paris ilitaka ndege nyepesi inayoweza kutua kwenye meli, na Dassault walitaka kuwa wakubwa wa kazi. Kiburi hicho kilikuwa na bei. Rafale ilishindwa zabuni ya Korea Kusini, ya Singapore, ya Morocco na ya Brazil. Kwa miaka mingi aliyeinunua alikuwa Ufaransa peke yake, na kilicholisha nyumba ni Falcon. Misri ndiyo iliyovunja mwiko Februari 2015 kwa kununua 24. Zikafuata Qatar, India na Ugiriki, na Desemba 2021 Falme za Kiarabu zikatia saini ndege 80, oda kubwa kuliko zote za nje hadi wakati huo.

Mizani ikageuka, Rafale ikawa ndiyo inayolisha nyumba. Falcon 5X iliuawa mwaka 2017 kwa sababu injini yake ya Silvercrest haikutengemaa; bodi yake ikakuzwa, ikafungwa injini za Pratt & Whitney Canada, ikawa 6X. Inayofuata, 10X, ina bawa la nyuzi za kaboni, jambo ambalo Dassault wamelizoea kwenye Rafale.

Na ugomvi wa 1985 ulirudi. Mwaka 2017 Ufaransa na Ujerumani zilianza kuzungumzia ndege ya kivita ya pamoja, na Dassault na Airbus wakavutana nani awe fundi mkuu. Familia ya Dassault inashikilia karibu theluthi mbili ya hisa za kampuni yao, hivyo hakuna wa kuwalazimisha kwa urahisi. Mwenye hisa mwingine, kwa takriban asilimia kumi, ni Airbus.