Je, wajua kwa nini mmoja huelewa somo papo hapo na mwenzake hutoka kapa?

Soma tarakimu hizi mara moja, kisha zifunike: 1914191819391945. Mwanafunzi mmoja atahangaika na kukwama kwenye ya saba au ya nane. Mwingine atazitaja zote 16 bila kutoa jasho. Huyu wa pili hana kichwa cha ajabu. Ameona tu miaka ya kuanza na kumalizika kwa vita vikuu viwili vya dunia. Mwenzake amebeba mizigo 16, yeye minne.

Akili hushika mambo mapya machache tu kwa wakati mmoja. Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kuwa ni kama saba. Watafiti wa baadaye wakashusha hadi manne hivi. Ila "jambo" moja laweza kuwa herufi, neno, au kanuni nzima ya hesabu, kutegemea unachokijua tayari. Mwalimu akiandika mlinganyo ubaoni, yupo anayeona alama tisa zisizojuana, na yupo anayeona sura moja aliyoizoea. Yule wa kwanza akiwa bado kwenye alama ya tano, ubao umeshafutwa.

William Chase na Herbert Simon walilionyesha hili mwaka 1973 kwa mchezo wa sataranji. Bingwa alitazama kete kwa sekunde 5 tu, akazirudisha nyingi mahali pake. Anayejifunza alirudisha chache. Kete zilipotawanywa ovyo, bila sura aliyoizoea bingwa, ubingwa wote ukayeyuka.

Na ile habari kwamba huyu hujifunza kwa macho, yule kwa masikio? Inapendwa mno, hata na walimu. Mtu kupendelea picha, sawa, hilo lipo. Lakini Harold Pashler na wenzake watatu walipopitia ushahidi mwaka 2008, hawakuona msingi wa kutosha wa kusema mtu hufaulu zaidi akifundishwa kwa "aina" yake. Ramani inataka macho na matamshi yanataka masikio, mwanafunzi awe yeyote.

Kinacholeta tofauti kubwa ni anachofanya mtu baada ya kusoma. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha habari. Baadhi walikisoma tena na tena. Wengine walikifunika na kuandika walichokumbuka. Dakika 5 baadaye, waliorudia kusoma waliongoza. Wiki moja baadaye wakapitwa, na ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba hawatasahau.