Kwa nini Scott Pendlebury alidumu: kazi ya kiungo katika soka la Australia

Agosti 2024, dhidi ya Carlton, Scott Pendlebury wa klabu ya Collingwood alifikisha mechi 400. Katika historia yote ya ligi kuu ya soka la Australia, mchezo tofauti na kandanda ya kawaida, ni watano tu waliomtangulia: Brent Harvey, Michael Tuck, Shaun Burgoyne, Kevin Bartlett na Dustin Fletcher. Fletcher alikuwa beki, na beki huchakaa taratibu kuliko kiungo. Pendlebury alifika hapo akiwa amefanya kazi ya katikati kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji. Wengi husema ana mwili wa chuma. Mimi naona sababu kubwa ni kwamba amegongwa mara chache kuliko wenzake.

Kwa msomaji aliyezoea kandanda ya kawaida, kwanza aone ugumu wa kazi yenyewe. Kila timu ina watu 18 uwanjani. Uwanja una umbo la yai, na ule wa MCG mjini Melbourne una urefu wa mita 160 hivi. Kuna robo nne za dakika 20, lakini saa husimamishwa kila mpira unapotoka, kwa hiyo robo moja hukaribia nusu saa. Kiungo hukimbia kilomita 12 hadi 15 kwa mechi, nyingi zikiwa mbio fupi za kasi zinazokatizwa na kugeuka ghafla. Hakuna kuotea, kwa hiyo adui anaweza kuwa mbele yako, nyuma au ubavuni wakati wowote. Anaruhusiwa kukukaba kati ya mabega na magoti, na ukikamatwa na mpira baada ya kupata nafasi ya kuutoa, mwamuzi humpa yeye pigo huru. Kuutupa ni marufuku: unaupiga teke, au unaushika kwa mkono mmoja na kuugonga kwa ngumi ya mkono mwingine.

Kwa hiyo kiungo huumia hasa katika ile sekunde moja baada ya kuokota mpira. Akiinama na kichwa chini bila kujua nani yuko wapi, bega na shingo vinapokea pigo lote. Akichelewa kuamua, anaangushwa huku mguu umekwama chini, na hapo ndipo goti linapojipinda na kano kukatika.

Pendlebury, aliyezaliwa Januari 1988 mjini Sale, jimbo la Victoria, alikuwa kijana wa mpira wa kikapu kabla ya Collingwood kumchukua wa tano katika drafti ya 2005, yaani zamu ya klabu kuchagua wachezaji vijana. Kikapu humfundisha mtu kujua walipo wote walio karibu naye kabla hajaupokea mpira. Mtazame anapoufikia: ameshatazama kulia na kushoto hatua mbili au tatu kabla. Akishaupata anauinua kwa mikono miwili mbali na kifua, na mkabaji hajui kama utatoka kwa mguu wa kushoto au kwa ngumi ya mkono wowote. Mkabaji anasita. Anapojitosa, mikono ya Pendlebury iko juu ya mabega ya mkabaji huyo, na kwa urefu wa sentimita 191 bado anaweza kumpa mwenzake mpira huku amekumbatiwa kiunoni. Pigo analipokea akiwa wima, tena mara nyingi mpira umeshaondoka. Watangazaji husema muda husimama akiwa na mpira. Kwangu mimi huo muda ameshaununua kwa macho kabla ya kuufikia.

Makocha wa vijana, hapa ndipo pa kuanzia, na kifaa chake ni duara dogo tu: wachezaji sita, mpira mmoja, na mkabaji anayeingia kutoka nyuma ya mpokeaji. Kabla ya kupokea, mpokeaji ataje kwa sauti rangi ya kitambaa ambacho mwalimu ameinua nyuma yake. Asiyegeuza kichwa hawezi kuitaja. Kosa la kawaida ni kuongeza kasi ya pasi mapema mno, macho yakaganda kwenye mpira na zoezi likapoteza maana.

Bila shaka mwili nao unahitaji kutunzwa. Jeraha linalosumbua zaidi mchezo huu ni la misuli ya nyuma ya paja. Zoezi lenye ushahidi mzuri ni hili: mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshikilia vifundo vya miguu, naye anajishusha mbele polepole kiwiliwili kikiwa kimenyooka, akizuia anguko kwa paja tu hadi mikono iguse chini. Anayeanza afanye seti mbili za mara tano kwa wiki, aongeze polepole. Akiruka hadi seti nyingi wiki ya kwanza, maumivu yatamfanya aache. Kosa jingine linawahusu hasa wakongwe: kuwapumzisha mbio za kasi kabisa mazoezini, kisha Jumamosi wanatakiwa kukimbia kwa nguvu zote. Msuli ambao wiki nzima haujaguswa na kasi ndio unaochanika. Dozi ndogo ya mbio kamili katikati ya wiki ni kinga.

Sheria za kubadilishana wachezaji nazo zimebana. Ukomo ulikuwa mabadiliko 120 kwa timu mwaka 2014, ukashushwa hadi 90 mwaka 2016, kisha 75 tangu 2021. Kiungo hapumziki benchi kama zamani, kwa hiyo anayejua kutembea wakati sahihi ana faida kubwa kuliko mwenye mapafu tu.

Pendlebury alishinda Medali ya Norm Smith, ya mchezaji bora wa fainali, mwaka 2010, fainali ilipochezwa upya baada ya sare ya 68 kwa 68 na St Kilda, na Collingwood wakashinda kwa pointi 56. Alikuwa nahodha kuanzia 2014 hadi 2022. Mwaka 2023 aliipita rekodi ya Robert Harvey ya kuutoa mpira mara nyingi zaidi kwa teke na ngumi, yule yule Robert aliyekuwa kocha msaidizi wake Collingwood kwa miaka mingi, na baadaye akawa wa kwanza kuvuka mara 10,000.

Lakini mwaka ninaoupenda zaidi ni 2022. Kocha mpya, Craig McRae, alimwanzisha kwenye safu ya nusu-nyuma (half-back), kati ya viungo na mabeki wa mwisho, ambako mchezo unauona ukiwa mbele yako na wanaokujia kutoka mgongoni ni wachache. Wakongwe wengi huona hatua hiyo kama kushushwa cheo na kuikataa. Yeye aliikubali, kisha akarudishwa katikati timu ilipomhitaji. Septemba 2023, akiwa na miaka 35 na unahodha ukiwa kwa Darcy Moore, alikuwa uwanjani Collingwood walipoishinda Brisbane katika fainali kwa 90 dhidi ya 86, miaka 13 baada ya taji lake la kwanza.