Je, wajua kwa nini kompyuta yenye kori 8, yani bongo nane za kupiga hesabu ndani ya prosesa yake, haimalizi kazi moja haraka mara 8?

Swali hili si langu, ni la dogo wangu. Nilikuwa nimenunua mashini ya okazio, yani iliyokwisha kutumika, kule Birere hapa Goma, ile ya mezani, ndani iko i7-3770, prosesa ya mwaka 2012 lakini bado inapiga kazi vizuri tu, nikaiwekea BOINC, yani ile programu inayoazima nguvu ya kompyuta yako wakati wewe huitumii na kuwapelekea wanasayansi. Usiku mmoja tukafungua tuone inafanya nini, tukakuta kazi nane zimepangana kwenye skrini, zote zinatembea, asilimia 11, 12, 11, 10, hakuna hata moja inayokaribia kuisha. Dogo akashangaa. "Yaya, sasa hizi bongo munane, juu ya nini zisishike kazi moja pamoja, ziimalize, njo ziende ku ingine?"

Nikataka kumjibu haraka haraka nikajikuta sina jibu. Maana ukifikiria, ana haki. Watu nane wakibeba kifusi kinaisha mapema kuliko mtu mmoja, sasa kompyuta inashindwa nini?

Jibu lilinijia siku ya pili asubuhi mama akiwa anapika maharagi. Chukua sufuria moja ya maharagi, inaiva masaa matatu kwenye mbabula moja, yani jiko la makaa. Ukiwa na mbabula nane zenye makala safi, hiyo sufuria haitaiva kwa dakika 22, kwa sababu sufuria moja haikai juu ya mbabula nane, na hata ungeweza kuikalisha, maharagi yanaiva kwa hatua, yanafyonza maji, yanalainika, hatua ya pili inasubiri ya kwanza. Lakini mtu akikuletea sufuria nane za maharagi, hapo mbabula zako nane zina faida kamili, zote zinaiva ndani ya masaa yale yale matatu. Kori za prosesa ndio mbabula, kazi za BOINC ndio sufuria. Hazikuongezei haraka ya sufuria moja, zinakuongezea idadi ya sufuria kwa siku.

Na hesabu nyingi za kisayansi ni maharagi kabisa. Chukua climateprediction.net, mradi wa hali ya hewa ulioanzia Oxford, Uingereza. Ili programu ikokotoe anga la kesho lazima iwe imemaliza anga la leo, huwezi kumpa kori mmoja Januari na mwingine Februari waende sambamba, wa Februari ataanzia wapi? Ni hivyo hivyo kwa wanaoiga jinsi protini inavyojikunja, kila kihatua kidogo kinategemea kilichopita, na vihatua ni mamilioni.

Kuna mtu aliyeiweka kwa hesabu tangu 1967, Gene Amdahl, fundi mkubwa wa kompyuta wa Marekani. Alisema hivi, ile sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo itakayokufunga. Tuseme kazi ina sehemu 10, sehemu 9 zinagawanyika na 1 haigawanyiki. Ukiwa na kori 8, zile 9 zinakuwa kama 1.1 hivi, unajumlisha na ile 1 iliyogoma, unapata 2.1 badala ya 10, yani haraka mara 4.7 tu na si mara 8. Hata uweke kori elfu moja hutafika mara 10. Na kori nane zikishika kazi moja lazima ziongee, huyu amalize amsubiri yule, na kusubiriana nako kunakula muda. Sufuria nane haziongei, kila moja na moto wake.

Njo maana wenye miradi hii hawakuhangaika kugawa kazi ndani ya mashini yako. Waliigawa mapema, kwao, kabla haijakufikia. SETI@home, ule mradi uliowapa watu wengi homa hii, ulianza Mei 1999 huko Berkeley, California, wakichukua mawimbi ya redio kutoka darubini kubwa ya Arecibo, Puerto Rico, wakitafuta kama kuna anayetuongelesha toka mbali, na wakikata zile rekodi vipande vidogo vya sekunde 107 hivi, kipande kimoja hakifiki hata nusu mega. Kila nyumba ikapata kipande chake. Kipande cha kwako hakina habari na cha mwenzako, hakuna kusubiriana. Waliacha kugawa kazi mwisho wa Machi 2020, lakini David Anderson, aliyekuwa akiongoza upande wa kompyuta, alishaanza kutengeneza BOINC tangu 2002 ili miradi mingine nayo itumie mtambo huo huo. Hata malaria ilipata zamu yake, malariacontrol.net ya watu wa Basel, Uswisi, ambayo imeshafungwa, ilikuwa inaiga jinsi ugonjwa unavyosambaa Afrika, kila kompyuta ikipewa namba zake tofauti za kujaribu. Sufuria tena.

Ila zipo kazi zinazokubali kori nyingi, nisiseme uongo. Folding@home, ya wanaoiga protini, ukiiwekea itumie prosesa inaweza kushika kori kadhaa kwa kazi moja, na PrimeGrid ya wanaotafuta namba tasa nayo inakuruhusu uchague. Hapo wataalamu wamevunja kichwa kugawa hesabu yenyewe ndani kwa ndani. Ni ngumu, ndio sababu wengine hawajisumbui.

Sasa tuje kwenye ile nane, kwa sababu hapo ndipo nilidanganyika mwenyewe. Ile i7 yangu haina kori nane. Ina nne, na kila moja inajifanya mbili, ndizo zinaitwa thredi. Ni kama mbabula moja unayoipanga sufuria mbili zikibanana juu yake, pale moto unapobaki upande mmoja mwingine anaufaidi, ila moto ni ule ule. BOINC inaona prosesa nane na inaleta kazi nane. Nilikaa nikapima na kazi za Einstein@Home, mradi mwingine wa BOINC, wa mambo ya nyota: nikiruhusu nne tu, kila moja inaisha kama masaa 5. Nikiruhusu nane, kila moja inachukua masaa 8 na nusu. Mtu akiona hivyo anasema zimekuwa polepole nimeharibu, lakini piga hesabu, nne kwa masaa 5 ni 0.8 kwa saa, nane kwa masaa 8.5 ni kama 0.94 kwa saa. Nimeongeza kazi kwa siku, kama asilimia 18 hivi, si maradufu kama namba ya kwenye skrini inavyotaka uamini. Na joto limepanda, na umeme unaokula umepanda.

RAM nayo ni ya kuangalia, watu wengi wanaisahau. Kazi nane ni sufuria nane kweli, kila moja na maji yake. Kama moja inataka giga 1 basi nane zinataka giga 8, na wewe una 4, hapo mashini inaweza kuanza kuhamishia vitu kwenye diski na kila kitu kikatambaa hadi mshale wa mausi, utasema BOINC ni virusi. Si virusi. Punguza idadi ya kazi tu.

Kupunguza kwenyewe kuna mtego mmoja. Kwenye sehemu ya mipangilio ya hesabu kuna asilimia mbili zinazofanana sura, moja inasema utumie asilimia ngapi ya prosesa, nyingine asilimia ngapi ya muda wa prosesa. Ya kwanza ndiyo unaitaka, ukiweka 50 kwenye thredi nane zinabaki kazi nne zinazokwenda moja kwa moja. Ya pili haipunguzi idadi, inachofanya ni kuwasha na kuzima, kazi zote zinakwenda kidogo zinasimama kidogo, usiku kucha. Mimi niliigusa hiyo ya pili bila kujua nikaiweka 60, nikalala, vantilateri ikawa inavuma, inanyamaza, inavuma, inanyamaza, mama akauliza kama kuna mtu anapuliza moto ndani.

Na kwa kuwa tumegusa vantilateri, Goma hii vumbi letu si la kawaida, ni lile jeusi la mawe ya volkano. Mashini inayofanya kazi masaa kumi kwa nguvu zote inavuta hewa nyingi na hilo vumbi linakuja nalo. Mwezi wa pili nilipofungua, kati ya vantilateri na zile bati nyembamba za kupozea kulikuwa na kitu kama kipande cha blanketi jeusi, nilikitoa kizima kwa vidole. Baada ya hapo joto lilishuka hadi nikafikiri kipimo kimeharibika. Kwa hiyo kabla ya kufikiria kori, nunua burashi laini.

Delestaji sasa. Umeme ukikatika ghafla hupotezi kila kitu, kazi nyingi zinaandika kwenye diski zimefikia wapi, BOINC yenyewe inapendekeza iwe kila sekunde 60, umeme ukirudi zinaendelea kutoka hapo. Wenye laptopu wako na bahati zaidi, programu ikiona uko kwenye betri inasimama yenyewe, isipokuwa wewe umeibadilisha. Na mchana ukiwa unaandika au unaangalia filamu haikusumbui sana, kazi zake zinakaa mwisho wa foleni, programu yako ikitaka prosesa inapita mbele.

Kwenye forfe ya intaneti, yani bando, nilifanya ujinga ambao nitausema ili usiurudie. Nikafikiri, koneksio ya kwetu inapotea potea, wacha nihifadhi kazi za siku 10 mara moja. Ikaleta kwa thredi zote nane. Programu ilikuwa mpya, haijajua bado kwamba mashini hii haiwaki masaa 24, ikapiga hesabu kama vile inawaka muda wote. Kazi za Einstein@Home zinapewa siku 14 za kurudisha majibu, na mimi nilikuwa nawasha usiku tu, zikabaki nyingi zimepitwa na muda, mega zangu zimeenda bure na hao wenye mradi ikabidi wampe mtu mwingine. Siku moja au mbili za akiba zinatosha. Pia kuna mahali pa kuweka kikomo cha mega kwa siku kadhaa, kiweke siku ile ile unaposakinisha, na mahali pa kuchagua saa za kupakua.

Hilo la kumpa mtu mwingine lina sababu nyingine pia. Kompyuta za watu hazina uhakika, nyingine joto limezidi zinakosea hesabu, nyingine mwenyewe anadanganya, kwa hiyo mara nyingi kazi moja inapelekwa kwa mashini mbili na majibu yanalinganishwa. Mwaka 2010 Einstein@Home ilipopata nyota yake ya kwanza ya aina ya pulsa, ile inayojizungusha mara 41 kwa sekunde, sifa ilikwenda kwa mume na mke wa Iowa, Marekani, na mtu wa Mainz, Ujerumani, kwa sababu kompyuta zao zilikuwa zimekokotoa kipande kile kile cha data ya Arecibo bila wao kujuana.

Nilipomweleza dogo yote haya akaridhika na maharagi, ila akawa na swali lingine, lile ambalo Goma huwezi kulikwepa. Wanalipa ngapi? Nikamwambia hawalipi kitu, umeme ni wako, tuseme mashini ikiongeza wati 60 kwa masaa kumi ya usiku ni 0.6 ya yuniti ya Cash Power, ule umeme wa kulipia kwanza, kila usiku, toka mfukoni mwako. Unachopata ni alama za kuonyesha umefanya kazi kiasi gani. Zinaitwa Cobblestone, jina limetoka kwa Jeff Cobb wa SETI@home, na mashini yenye kasi ya gigaflopu moja, yani hesabu bilioni moja kwa sekunde, ikifanya kazi siku nzima inapata 200.

Mama alikuwa anasikiliza toka jikoni. "Cobblestone maana yake nini?"

"Mawe mama. Yale ya kutandika barabara."

Akatoka na mwiko mkononi, akaangalia ukuta wa jirani, wa mawe ya volkano kama kuta zote za mtaa huu, akatuangalia sisi. "Munachoma Cash Power yangu usiku muzima, mupewe mawe?"