Je, Roki Ilipigwa Marufuku Yugoslavia?

Wengi huamini kwamba bendi za pop na roki za Serbia zilianza kupumua baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka mwaka 1989. Kabla ya hapo, husemwa, serikali ya kikomunisti iliupiga muziki huo marufuku. Imani hii inaeleweka, maana Ulaya Mashariki huzungumziwa mara nyingi kana kwamba ilikuwa nchi moja.

Yugoslavia, nchi ambayo Serbia ilikuwa sehemu yake, hata hivyo, ilikosana na Moscow mwaka 1948, wala haikuingia katika Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Moscow. Miaka ya 1960 vijana wa Belgrade, mji mkuu, walikuwa tayari wanapiga magitaa ya umeme, na kampuni za umma ndizo zilizotoa santuri zao. Udhibiti ulikuwepo. Mapema miaka ya 1970, kazi zilizohesabiwa kuwa duni kisanaa, "šund" kwa lugha yao, zilitozwa kodi ya ziada (na uduni, bila shaka, hutegemea masikio ya nani). Lakini kutozwa kodi si kupigwa marufuku.

Kwa maoni yangu, pigo zito lilikuja baadaye: kuanzia 1991 nchi ilivunjika, soko la watu zaidi ya milioni 20 likakatwa vipande, kisha vikwazo vya kiuchumi vikafuata.

Ukitaka kuhakiki kwamba muziki huo ulitolewa kabla ya 1989, tafuta picha ya santuri yenyewe, usome mji na mwaka kwenye karatasi ya katikati. Mwaka unaoonekana kwenye CD au programu ya muziki huenda ni wa toleo jipya tu.