Mfalme Muryeong, mke wake na jiwe lililogeuzwa

Mimi nafundisha historia ya Korea ya kale na kuna familia moja siichoki, ya Muryeong, mfalme wa 25 wa Baekje, ufalme mmoja wa Korea ya kale, alitawala 501 mpaka 523. Makaburi mengi ya wafalme wa zamani kule tunakisia tu ni ya nani, ila lake limejitaja lenyewe.

Ilikuwa Julai 1971 pale Gongju, mji wa Korea Kusini, mafundi wanachimba mtaro wa kutolea maji kwenye makaburi ya jirani, mara wakagonga tofali, kumbe ni kaburi ambalo wezi hawajawahi kuligusa. Ukiingia tu unakutana na mawe mawili bapa yamelazwa chini na sarafu za chuma za Kichina juu yake, nyuma yake kasimama mnyama wa jiwe analinda. Jiwe moja limeandikwa Mfalme Sama wa Baekje, Sama ndo jina la Muryeong akiwa hai, kafariki na miaka 62, mwaka 523, kazikwa 525.

Hiyo 62 ndo ilivuruga hesabu za ukoo. Kitabu cha Wakorea cha 1145 kinasema baba yake ni Dongseong, mfalme aliyemtangulia, lakini kitabu cha Wajapani cha 720 kinasema Dongseong alikalia kiti 479 akiwa bado mdogo, na mwaka huo Muryeong ana miaka kama 17, sasa baba gani huyo? Hao Wajapani wanasema Muryeong alizaliwa kisiwani kwao, na kisiwa kwa Kijapani ni shima, linganisha na hilo Sama. Binafsi naliamini jiwe, lilichongwa na watu waliomzika.

Jiwe la pili ni hati ya kununua ardhi ya kaburi kutoka kwa miungu ya ardhi, kwa sarafu 10,000. Malkia alipofariki 526 wakasubiri mpaka 529, wakalichukua jiwe lilelile la hati, wakaligeuza na kuandika habari zake mgongoni. Jina lake hawakuandika. Mtoto wa Muryeong, Seong, ndo alikuwa mfalme wakati huo, huyu aliyehamishia mji mkuu Sabi 538 na kuuawa vitani na Silla, ufalme jirani, 554.

Ila kinachonigusa zaidi ni bangili za fedha za malkia, alizikwa nazo mkono wa kushoto. Nje zimechongwa dragoni, ndani, upande unaogusa ngozi, imeandikwa kwamba fundi Dari kazitengeneza mwaka 520 kwa ajili ya bibi mkubwa, yaani malkia. Mfalme alikuwa bado hai.