Je, wajua kwa nini ritani ya kodi ya mtu wa nchi mbili humshinda kijana wa saiba, na utampata wapi anayeiweza bila kuuza ng'ombe?

Juni mwaka juzi shemeji yangu alinitumia mesej kutoka Uingereza saa nne usiku: "Shem, yule kijana wa saiba amenijazia nil, ni sawa?" Nil ni ritani ya kusema mwaka mzima hukupata kitu. Nikamwambia ni sawa, lala. Haikuwa sawa hata kidogo, na mimi ndiye niliyempeleka kwa huyo kijana, kwa hivyo hii stori naiandika nikiwa na deni.

Kijana mwenyewe si mjinga. Ana kibanda chake cha kompyuta hapa karibu na stendi Kisumu, kila Juni foleni inafika barabarani, anakujazia ritani ukiwa umesimama kwa mia mbili na hakosei, kwa sababu karibu wote tunaokwenda kwake tuko vile vile: mwajiri mmoja, P9 moja (ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka), au hatuna kitu kabisa. Kazi yake ni kuhamisha namba kutoka karatasi moja hadi skrini. Sasa shem, mwaka uliokuwa unajaziwa ritani, alikuwa nesi Kisumu mpaka Agosti, Septemba akapanda ndege, akaanza kazi ya kutunza wazee huko. Kijana akasikia "yuko majuu", akabonyeza nil, akachukua mia mbili yake. Hata ile mishahara ya Januari hadi Agosti, ambayo mwajiri alishairipoti KRA, mamlaka ya kodi, na iko kwa P9 yake, ikapotea hewani.

Kinachofanya ritani kama hiyo iwe ngumu si hesabu. Hesabu mtoto wa darasa la nane anaiweza. Ugumu ni kwamba kabla hujaandika namba yoyote lazima ujibu swali la kisheria: mwaka huo wewe ulikuwa mkazi wa wapi? Na hapo ndipo karibu kila mtu mtaani anakuambia kitu kimoja, ati ukikaa nje zaidi ya siku 183 Kenya haikujui tena. Hiyo ni nusu ya sheria. Nusu ingine, ambayo ndiyo inakuja kwanza, inasema kama una makao ya kudumu Kenya na ulikanyaga hapa kipindi chochote cha mwaka huo, hata kama ni wiki mbili za Krismasi, wewe ni mkazi. Siku 183 zinahesabiwa kwa yule asiye na makao hapa, na hata huyo kuna hesabu ingine ya kuangalia mwaka huo pamoja na miwili iliyotangulia, wastani ukizidi siku 122 kwa mwaka anashikwa. Mume wa shem na watoto wao wako Mamboleo hapa Kisumu, nguo zake ziko kabatini, kila Desemba anarudi. Ni mkazi. Na mkazi wa Kenya mshahara wake wa ajira unatozwa kodi hapa, uwe umeupata Kisumu ama Birmingham.

Usiogope bado. Kenya na Uingereza wana mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili, kwa hivyo kodi uliyolipa kule unahesabiwa huku, lakini haiwezi kuzidi kodi ambayo Kenya ingekutoza kwa pesa hiyo hiyo. Maana yake kama kule ulikatwa kidogo na huku ni zaidi, unaongezea tofauti. Na huku ni zaidi kweli: ukipita shilingi 32,333 kwa mwezi unaingia asilimia 30, wakati Uingereza pauni 12,570 za kwanza za mwaka hazikatwi kitu na baada ya hapo mtu wa kawaida anaanza na asilimia 20.

Sasa ona utamu wa hii kitu. Mwaka wa kodi wa Uingereza hauanzi Januari. Unaanza tarehe 6 Aprili unaisha tarehe 5 Aprili, masalio ya mwaka 1752 walipobadilisha kalenda wakaruka siku 11, nao watu wa hazina hawakutaka kupoteza siku za kukusanya. Kenya ni Januari hadi Desemba. Uganda ni Julai hadi Juni. Kwa hivyo ile karatasi ya P60, jumla ya mshahara na kodi ya mwaka wa Uingereza, ambayo shem alinitumia kwa furaha, "Shem hii hapa kila kitu", haikuwa na maana kwetu vile ilivyokuwa, imechanganya miaka miwili ya Kenya. Tulichohitaji ni pesilipu za Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba, moja moja. Kuzifungua tukakuta kodi ya mapato aliyokatwa miezi hiyo minne ni kama hakuna! Kwa nini? Kwa sababu aliyeanza kazi Septemba ule msamaha wake wa kuanzia Aprili unakuwa umerundikana, unammeza mshahara wote wa mwanzo. Kilichokuwa kinamkata ni National Insurance, mchango wao wa bima ya jamii, na hiyo si kodi ya mapato, huwezi kuja nayo KRA useme nihesabieni. Yaani alidhani amelipa kodi kule, kumbe hajalipa, na huku ameandikiwa nil.

Hayo yote aliyetuonyesha ni mama mmoja mhasibu wa hapa Milimani, CPA, kwa saa moja na nusu. Kabla yake tulienda kwa ofisi moja ya maana, zulia na maji ya chupa, wakatuambia elfu arobaini na tano. Mimi nikauliza ni ya nini, wakasema ni paketi. Mama alitutoza elfu sita. Tofauti haikuwa ujuzi, ni kwamba kwa ile ofisi tulienda na bahasha iliyojaa karatasi tukasema tusaidieni, kwa mama tulienda na pesilipu nne zimepangwa, P9, tarehe za pasipoti za kuingia na kutoka, pesa ya wapangaji wa vyumba vyake mwezi kwa mwezi, na swali moja limeandikwa. Kwa mambo haya ukienda bila kujipanga unalipia mtu akupangie, na hiyo kazi ya kupanga kijana wako wa form four anaifanya Jumapili moja.

Kumpata mtu kama huyo kuna njia. Mtu yeyote anayejiita ajenti wa kodi Kenya anatakiwa awe amesajiliwa, na pale mbele ya iTax, tovuti ya KRA ya kujazia ritani, hata bila kuingia kwa akaunti, kuna sehemu ya kukagua ajenti. Akikataa kukupa namba zake, umepata jibu. Mhasibu naye unamuuliza uanachama wa ICPAK, chama cha wahasibu. Lakini cheti hakitoshi, wengi wenye cheti hawajawahi kugusa mshahara wa nje, kwa hivyo mimi siku hizi nawapima kwa swali moja tu: mtu ana nyumba na familia Kisumu, anafanya kazi Uingereza, alikuja Krismasi wiki mbili, ni mkazi au si mkazi? Akikimbilia siku 183 bila kuuliza habari ya nyumba, mshukuru, inuka. Akisema "ngoja kwanza, nchi gani, tuangalie kama kuna mkataba", kaa, agiza chai.

Kwa sababu mikataba si ya kila mahali. Uingereza upo, Canada, Ujerumani, Ufaransa, Sweden, India, hata Qatar na Falme za Kiarabu, hizo mbili za mwisho mshahara wa mtu haukatwi kodi ya mapato kabisa kwa hivyo hakuna cha kuhesabiwa. Marekani hakuna. Na jirani zetu hapa, ule mkataba wa Afrika Mashariki ulitiwa sahihi 2010 ukabaki karatasi, kwa hivyo mwalimu anayelala Busia yetu na kufundisha Busia ile ya Uganda, ambayo anaiendea kwa miguu, ana kesi ngumu kuliko ya nesi wa London. Huyo asijaribu saiba, anahitaji mtu wa kufungua sheria.

Kuna wengine wanalipa bure kabisa. Rafiki yangu wa Nakuru, anakaa Section 58, anaandikia watu wa Marekani kazi za mtandaoni akiwa kwa meza yake ya jikoni, alikuwa karibu kumtumia mtu dola mia moja hamsini amjazie ritani ya Marekani. Ya nini? Si raia, hana green card, kazi anaifanyia Nakuru, hiyo ni pesa ya Kenya na ritani yake ni ya KRA. Anachodaiwa na wateja ni fomu ya W-8BEN, ya kusema wewe si mtu wa Marekani, ukurasa mmoja, unajaza mwenyewe, inadumu mpaka mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini. Wenye YouTube ndio wako tofauti kidogo, ile sehemu inayotokana na watazamaji wa Marekani inakatwa asilimia 30 kwa vile hatuna mkataba, na usipojaza taarifa zako za kodi kabisa Google inaweza kukata mpaka asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima. Kujaza ni dakika kumi, bure.

Mwenye green card aliyerudi kukaa Kakamega, hiyo ni stori ingine, Marekani bado inakudai ritani kila mwaka mpaka uirudishe hiyo kadi. Kule wana mpango unaoitwa VITA, watu wa kujitolea waliofunzwa, hawatozi kitu kwa wa kipato cha chini. Ukilipa mtu, lazima awe na PTIN, namba ya usajili ya wanaojazia watu ritani, na atie sahihi yake kwa ritani. Anayekujazia halafu anakuambia saini peke yako kama ulijaza mwenyewe, mkimbie. Pia yule anayetaka asilimia ya pesa utakayorudishiwa.

KRA wenyewe wanasaidia bure, kwa ofisi zao na kwa meza yao pale Huduma Centre. Nenda Februari. Juni utakutana na Kaunti nzima. Tena Juni 30 ni siku ya mwisho ya ritani tu, pesa yenyewe ikibaki deni ilitakiwa iwe imelipwa Aprili 30, hii karibu hakuna anayeijua, na baada ya hapo ni faini ya asilimia 5 na riba asilimia 1 kila mwezi. Shem ilimkuta hivyo. Ya kuchelewa kufaili hakutozwa maana ile nil iliingia kwa wakati, angalau mia mbili ilifanya kazi.

Siku hizi wako sita, manesi waliotoka Kisumu pamoja, wana grupu yao, wamechanga wakamlipa yule mama saa moja ya video, kila mtu elfu moja, anawaeleza yale yanayofanana halafu mwenye la ziada anabaki. Mimi naona ni akili kuliko paketi yoyote.

Ritani tuliirekebisha, deni tukalipa kwa M-Pesa mara mbili. Kulikuwa na shida ndogo ya kuingia iTax kwanza, kwa sababu barua pepe iliyoandikishwa kwa pini ya KRA ya shem ilikuwa ya saiba, ilibidi turudi tumwombe yule kijana atufungulie. Alitufungulia, akabadilisha akaweka ya shem, akaprinti risiti, akasema ni shilingi ishirini.

"Na ile nil ilikuwa na makosa?" akauliza.

Nikamwambia kidogo.