Daftari la binafsi na amani ya nyumbani: maswali na majibu

Swali: Je, kuandika mambo ya moyoni kuna uhusiano wowote na afya?

Jibu: Upo. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha matokeo ya utafiti ambao wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15 kila siku, kwa siku nne mfululizo. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao walikwenda kutibiwa mara chache zaidi kuliko wenzao katika miezi iliyofuata, ingawa mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa faida hiyo kwa wastani ni ndogo, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba daftari ni dawa.

Swali: Naandika peke yangu; watu wa nyumbani wananufaikaje?

Jibu: Inategemea unaandika nini. Chukua mfano wa mke aliyetoka kazini Posta, katikati ya Dar es Salaam, akasimama kwenye basi la mwendokasi hadi Kimara, akafika saa mbili usiku na kukuta umeme wa LUKU umekwisha, watoto wako gizani, na mumewe amekaa barazani anaongea na simu. Akiandika "Huyu hajawahi kujali, na wiki iliyopita alifanya vilevile", anakuwa amefungua jalada la mashtaka, na kila akilisoma hasira inapanda upya. Madaftari ya namna hiyo ni mengi, na hayajengi nyumba.

Njia yenye ushahidi mzuri zaidi ni nyingine. Mwaka 2013 mwanasaikolojia wa Marekani Eli Finkel na wenzake walichapisha utafiti uliowafuatilia wanandoa 120 wa eneo la Chicago kwa miaka miwili. Katika mwaka wa pili nusu yao walipewa kazi ya kuandika kwa dakika 7, mara tatu tu kwa mwaka mzima, kuhusu ugomvi wao kama ambavyo angeuona mtu wa pembeni anayewatakia heri wote wawili. Hali ya kuridhika na ndoa, iliyokuwa ikishuka kwa wote, iliacha kushuka kwa walioandika na ikaendelea kushuka kwa wasioandika. Hawakuacha kugombana, kilichopungua ni namna ugomvi ulivyowaumiza.

Kwa hiyo mke yule aanze na yaliyotokea bila kuyapamba: saa, maneno yaliyosemwa, na hali yake mwenyewe alipoingia, yaani njaa, miguu kuuma, na maneno ya bosi aliyokuja nayo kutoka kazini. Kisha aandike shangazi mwenye busara, asiye na upande, angeona nini akiwa amekaa pale barazani. Huenda angeona kwamba mume naye alikuwa kwenye simu akiomba kukopeshwa fedha za umeme, na huenda angeona kweli amezembea. Vyovyote vile, mazungumzo ya asubuhi yataanza na jambo moja, si na ya miaka mitano.

Swali: Ni lazima niandike kila siku?

Jibu: Hapana. Andika kunapokuwa na jambo.

Swali: Tunaishi chumba kimoja cha kupanga. Wakilisoma je?

Jibu: Hofu hiyo ina msingi, kwani anayejua kuwa atasomwa huandika kwa kujilinda. Lakini si lazima maandishi yahifadhiwe: andika kwenye karatasi, ukimaliza ichane. Anayetumia simu aweke nywila, asiandike kwenye simu ambayo watoto huichezea.

Swali: Ni lini daftari halitoshi?

Jibu: Ukiona kila ukiandika unazunguka kwenye uchungu uleule na kuzidi kuumia, acha, uzungumze na mtu unayemwamini. Huzuni ikidumu wiki mbili au zaidi, pamoja na kukosa usingizi au hamu ya chakula, nenda kituo cha afya. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri hata siku moja, na Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ina huduma za afya ya akili. Palipo na kipigo au vitisho, usijilazimishe kuliona jambo kwa jicho la anayekutesa. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na kama anayeteswa ni mtoto, piga 116 bila malipo.